Ya Kunywa au ya Kuoga?

Ukiombwa maji, uliza: ya kunywa au ya kuoga?

Maneno hayo mmeyasikia leo kwa yule mama aliyekuja kuchukua gauni lake. Alikuwa ameagiza lipunguzwe, mwenzenu Zubeda akapunguza urefu, kumbe mwenyewe alitaka lipunguzwe kiunoni. Gauni limegeuka blauzi. Mama wa watu hakutukana, Mungu ambariki. Alisema methali yake tu, na Zubeda, kwa adabu zake, akakimbia kumletea glasi ya maji. Mmecheka mpaka mmeangusha pini. Sasa mnaniuliza methali yenyewe imetoka wapi.

Haya, wekeni mikasi chini. Kabla sijafungua duka hili nilishona magwanda ya askari kambini miaka ishirini na tisa, na mtu anayepimwa kifua hana la kufanya ila kusema. Mengi niliyoambiwa niliyaacha yapite. Hili nililipata kwa mwenyewe lililomkuta, nikaliweka. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na koplo mmoja jina lake Yona Chilongani, Mgogo wa kule ambako mvua huja kama mgeni, siku mbili tatu ikaaga. Alikuwa mpiga redio wa kikosi cha mizinga, na kambi nzima ilimjua kwa jina la Koplo Rudia, maana neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "rudia". Ukimwambia saa nane, atauliza ya mchana au ya usiku. Ukimwambia kamwite Ngonyani, atauliza Ngonyani yupi, wa stoo au wa jikoni. Wenzake walisema hata siku ya kipaimara, askofu alipomuuliza kama anamkataa Shetani na kazi zake zote, Chilongani alitaka kwanza atajiwe ni kazi zipi.

Lakini alikuwa na sababu. Jeshi, wanangu, lina Kiswahili chake. Askari wanakijua hiki chetu vizuri sana, ila wakikaa pamoja muda mrefu hukichoka, wakakigeuza nje ndani. Risasi waliziita maharage. Kusimama lindo walikuita kuchumbia, kwa kuwa unasimama nje ya boma la watu umekodoa macho na hakuna anayekukaribisha. Na kamanda mkuu akitangazwa kuja kukagua kambi, walisema mama mkwe anakuja, kwa sababu siku hiyo hufagiliwa hata chini ya mawe.

Chilongani alipokuwa kuruta, wiki ya pili tu tangu anyolewe nywele, alisikia wakubwa wakiambiana, "Kesho mama mkwe anakuja." Hakuuliza. Aliona haya kuuliza kitu ambacho kila mtu alionekana anakijua. Akasema moyoni, kumbe sajini wetu anatembelewa na mkwewe, na mimi nimelelewa, siwezi kupokea mama wa watu mikono mitupu. Akaenda kwenye duka la getini akanunua kanga doti moja, akaikunja vizuri. Asubuhi, gwaride limesimama kimya, brigedia mwenye masharubu anapita mstari kwa mstari, kuruta Chilongani akatoka hatua moja mbele, akapiga saluti, akanyoosha kanga.

"Afande, hii ni ya mama mkwe. Ameshafika?"

Brigedia alicheka mpaka akashika mkanda. Sajini hakucheka. Chilongani alikula doso, yaani adhabu, ya siku tatu, akiruka kichurachura kuzunguka uwanja na kanga imefungwa kichwani. Tangu hapo akajiapiza kwamba neno la jeshi hatalimeza tena bila kulitafuna. Akawa mtu wa kuuliza. Watu wakamcheka kwa kuuliza kama walivyomcheka kwa kutouliza, naye akaona afadhali kicheko hiki kuliko kile.

Ukaja mwaka wa vita. Kikosi cha Chilongani kiliwekwa nyuma kidogo ya askari wa mbele, na mizinga ile midogo ya bomba. Kombora hudondoshwa mdomoni mwa bomba, likigonga chini linaruka huko linakotumwa, na likishaachiwa hakuna wa kulirudisha. Chilongani alikaa handakini na redio yake. Kando yake palikuwa na Nyamhanga, Mkurya mwenye mabega mapana, ambaye kazi yake ilikuwa kuliachia kombora. Juu yao wote alikuwapo Kapteni Kamuhabwa, mtu wa haki lakini mkali, asiyependa maneno mengi.

Katika kikosi hicho makombora yaliitwa maji, na kupigwa makombora kuliitwa kuoga. Askari wa mbele wakibanwa, mpiga redio wao alimwita Chilongani akasema, "Tunaomba maji," akataja namba za ramani za pale adui alipo, na adui akaogeshwa. Basi maji yenyewe, haya ya Mungu, ya kwenye mtungi, yakawa yamenyang'anywa jina lake. Wakayaita soda. Mwenye kiu aliomba soda, mwenye vita aliomba maji. Walikwishazoea hata hawakuona tena kama ni kichekesho.

Jumamosi moja waliombwa maji, na redio ilikuwa inakwaruza. Chilongani hakuipata namba ya mwisho sawasawa, akasema rudia. Wakarudia. Hakuipata bado, akasema rudia tena. Katika kurudiarudia huko adui aliwahi kulipiga lori letu lililokuwa linavuka uwazi, na dereva akakatika mguu. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba ni kosa la Chilongani. Ila jioni ile hakuna aliyekaa karibu naye kula, na yeye mwenyewe chakula hakikushuka.

Kapteni alimwita pembeni. "Koplo, nisikilize vizuri. Ukisikia maji, unanipa namba, unafunga mdomo. Swali moja tu la ziada, nakuvua hizo tepe, unakwenda kumenya viazi mpaka vita viishe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Usiniulize viazi gani."

"Siulizi, afande."

Na kweli alinyamaza. Siku tatu nzima aliombwa maji mara nne, akatoa namba mara nne, hakuongeza neno. Lakini usingizi haukumjia. Kila akifumba macho aliuona mguu wa yule dereva.

Siku ya nne, Jumatano, jua likiwa utosini, redio iliita.

"Mizinga, Mizinga, hapa Swala. Unanipata? Ova."

Swala lilikuwa jina la platuni moja ya watu ishirini na watatu, waliopelekwa tangu Jumatatu kushika kilima kilichokuwa mbele. Sauti ilikuwa ngeni. Chilongani alijua kwamba mpiga redio wao wa zamani alishikwa na malaria kali akarudishwa hospitali, na mwingine ameletwa kutoka batalioni nyingine kuziba nafasi.

"Swala, hapa Mizinga. Nakupata. Sema. Ova."

"Tunaomba maji. Narudia, tunaomba maji. Mengi kadiri mnavyoweza. Namba nne saba, moja tisa. Fanyeni haraka, ndugu zangu. Ova."

Chilongani aliandika namba, akazisoma kwa sauti. Kapteni Kamuhabwa akaweka kidole kwenye ramani, na uso wake ukakunjuka.

"Korongoni," alisema. "Jana wapelelezi waliwaona adui hapo hapo. Swala wako juu kilimani, adui yuko chini yao. Safi kabisa. Geuzeni mizinga!"

Mabomba yakageuzwa. Nyamhanga akachukua kombora kwa mikono miwili, akaliweka juu ya mdomo wa bomba, akangoja. Kila kitu kilikuwa sawa. Namba ilisikika vizuri, adui alikuwa mahali palipojulikana, na amri ilikuwa wazi. Chilongani hakuwa na kazi nyingine ila kufunga mdomo.

Lakini sauti ile ilikuwa imemwingia sikioni ikakataa kutoka. Alikuwa na miaka tisa ule mwaka wa ukame mkubwa kwao, baba yake alipokwenda na ng'ombe kutafuta maji, akarudi siku ya tatu bila ng'ombe. Baba alisimama mlangoni akasema maneno mawili, na kila neno lilitanguliwa na mlio mdogo, ta, ta, wa ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Mtu aliyekulia kwenye vijito hawezi kuujua mlio huo. Chilongani aliujua kama anavyoujua mlango wa kwao, na sasa alikuwa ameusikia ndani ya redio, mara tatu, kabla ya neno "maji", kabla ya neno "mengi", kabla ya "ndugu zangu".

Akatega sikio zaidi. Nyuma ya sauti ya Swala hapakuwa na mlio wa risasi hata mmoja. Na tena, nani aliyewahi kuomba makombora "mengi kadiri mnavyoweza"? Watu huomba matatu, huomba sita. Mengi kadiri mnavyoweza huyaomba mtu aliyeshika ndoo.

Hapo ndipo moyo wake ulipogawanyika. Huku anamwona dereva wa Jumamosi. Kama platuni imezingirwa kweli, na yeye akatumia dakika moja kuuliza upuuzi, dakika hiyo itakuwa na makaburi yake. Huku anausikia ulimi wa baba yake. Ukweli ni kwamba hakuwa na uhakika. Alinihakikishia hilo mwenyewe, akaniambia, fundi, usiwaambie watu kwamba nilijua, sikujua, ndiyo maana niliuliza.

"Tayari, afande," alisema Nyamhanga.

Kapteni alinyanyua mkono. Chilongani akabonyeza kitufe.

"Swala, hapa Mizinga. Mnaomba maji gani? Ya kunywa au ya kuoga? Ova."

Handaki zima lilimgeukia. Kapteni, mkono mmoja bado uko hewani, kwa mkono wa pili alimkamata ukosi wa shati akamnyanyua mpaka kiti kikaanguka.

"Nilikuambia nini? Watu wanakufa kule, wewe unauliza habari za kuoga!"

Redio ilikwaruza tu. Chilongani alikuwa amekikamata kipokeo kama mtu anayening'inia.

"Afande, niachie?" aliuliza Nyamhanga.

Kapteni alifungua kinywa kutoa amri. Na kabla neno halijamtoka, redio ikasema, kwa sauti ile ile kavu, sasa ikiwa na uchungu wa mtu anayedhani anadhihakiwa:

"Kuoga? Kaka, kuoga tena? Sisi hata mate hatuna. Ya kunywa, ndugu yangu. Ya kunywa! Mapipa yetu yalitobolewa na risasi jana asubuhi. Kuna wenzetu wawili hawasimami. Ova."

"Mko wapi? Ova."

"Pale pale niliposema. Nne saba, moja tisa. Tulimfukuza adui tangu jana mchana, tuko korongoni, wote ishirini na watatu. Tulichimba tukidhani tutapata maji, hakuna. Ova."

"Usiachie!" Kapteni alipiga ukelele, na sauti ilimkatikia katikati kama ya kijana anayebalehe. "Nyamhanga, usiachie! Ondoa!"

Viganja vya Nyamhanga vilikuwa vimelowa jasho. Aliliondoa kombora taratibu, inchi kwa inchi, mpaka lilipopita mdomo wa bomba, kisha akalikumbatia kifuani kama mama aliyepokonya mtoto njiani, akakaa chini palepale alipokuwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Walipotaka kumpokea alikataa.

Kapteni Kamuhabwa alimwachia Chilongani ukosi. Akauweka sawa kwa vidole, akapapasa shati lilipokunjamana, bila kujua anachofanya. Kisha akaketi juu ya sanduku la makombora, akavua kofia.

"Koplo," alisema.

"Afande."

"Waambie soda inakuja."

"Samahani, afande. Leo tuwaambie ni maji ya kunywa."

"Waambie ni maji ya kunywa," alisema kapteni.

Kapteni mwenyewe aliendesha landrova, tela la maji likiwa nyuma, na Chilongani na Nyamhanga wakakaa nyuma kila mmoja na dumu mapajani, kana kwamba lile tela lingeweza kuwahaini njiani. Saa tisa alasiri walifika korongoni. Wale ishirini na watatu walitokea kwenye vivuli vya mawe, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Hawakugombania. Walipanga mstari, wakawapitisha mbele wale wawili wasioweza kusimama. Nani aliwafundisha ustaarabu huo mahali kama pale, mimi sijui. Walikunywa kidogo kidogo, wakavuta pumzi, wakanywa tena.

Wa mwisho kunywa alikuwa mpiga redio, kwa sababu hakutaka kuiacha redio yake mpaka mwingine aishike. Jina lake Hemedi Shemboza, Msambaa, kijana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Aliposhusha kikombe alipangusa kidevu akauliza, nusu kwa hasira, nusu kwa utani:

"Nani kati yenu aliyeniuliza habari za kuoga? Nilidhani huko nyuma mnatucheka."

Kapteni ndiye aliyemjibu. Angeweza kumwachia koplo, au kulinyamazia, na watu wangelisahau. Alisimama mbele ya platuni nzima akaeleza neno kwa neno: kwamba kwao maji ni makombora, kwamba mizinga ilishageuzwa, kwamba kombora lilikuwa mdomoni mwa bomba na mkono wake, huu hapa, ulikuwa hewani.

Shemboza alikaa chini.

"Walinifundisha," alisema. "Yule mgonjwa, kabla hajapelekwa hospitali, alinikalisha chini anitajie maneno yenu, moja moja, huku anatetemeka. Akaniambia maharage ni hivi, mama mkwe ni hivi. Kwetu batalioni ya zamani makombora tuliyaita mvua. Alipofika kwenye maji nikamwonea huruma, nikataka apumzike, na kusema kweli nikaona ananifanya mtoto. Nikamkatiza. Nikamwambia, kaka, maji ruka, nani asiyejua maji?"

Akaanza kulia. Maji aliyotoka kuyanywa yalimtoka yote machoni, na hakuna aliyemwambia askari halii. Sajini wao, mzee wa miraba minne, alimwendea Chilongani akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu." Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Wote ishirini na watatu walipita wakaushika mkono ule, hata wale wawili waliokuwa wamelala waliomba wainuliwe. Chilongani hakujua pa kuyaweka macho yake. Hakuwahi maishani kushukuriwa kwa kuuliza.

Kapteni alikuja wa mwisho.

"Jumamosi nilikufokea," alisema. "Ya Jumamosi mpaka sasa sijui ni nani alikosea, labda ni redio tu. Ya leo naijua. Ungenitii, ningeishi na watu ishirini na watatu kifuani. Ahsante, Koplo Chilongani. Na kuanzia leo hii ni amri ya kikosi changu: tukiombwa maji, tunauliza, ya kunywa au ya kuoga. Hata kama anayeomba ni mimi."

Wiki ile ile Chilongani aliomba ruhusa akaenda hospitali kumwona dereva aliyekatika mguu. Alikuwa ameogopa safari hiyo kuliko vita. Alimweleza yote, ya Jumamosi na ya Jumatano, akiwa amesimama. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonyesha kiti, akasema, "Kaa. Mguu wangu umeondoka na adui, si na swali lako. Wewe endelea kuuliza." Chilongani aliniambia kwamba usiku ule alilala mpaka kukakucha.

Amri ya kapteni ikawa ada ya kikosi, ikavuka kwenda vikosi vingine. Kwanza ilikuwa ya redioni. Baadaye mpishi akiambiwa aongeze chumvi, anauliza, "Ya kunywa au ya kuoga?", maana yake, kidogo au nyingi? Karani akiletewa fomu asiyoielewa, anauliza hivyo hivyo. Vita vilipokwisha askari walirudi makwao na maneno hayo mifukoni, wake zao wakayachukua, wakayapeleka visimani na kwenye maduka ya vitambaa, mpaka yakamfikia yule mama mwenye gauni ambaye, nawahakikishieni, hajawahi kuona kombora.

Lakini hadithi haiishii hapo. Shemboza alitoka jeshini, akarudi kwao Usambara, akalima, akaoa. Miaka ikaenda. Binti yake wa kwanza alipofika siku ya kuolewa, Shemboza alipeleka barua Ugogo: kaka, usipokuja, harusi haifungwi.

Chilongani alikuwa tayari ana mvi, bado yuko jeshini, na barua ilimkuta kwao likizoni. Alisafiri siku nzima, kisha akapanda mlima kwa miguu, na kilichomshangaza njiani ni maji. Kila kona ya njia palikuwa na kijito, maji yanateremka bure tu usiku na mchana, hakuna anayeyatazama. Akaelewa ni kwa nini mtu wa hapo angesema nani asiyejua maji. Alifika nyumbani kwa Shemboza alasiri, vumbi mpaka nyusi, na ua umejaa watu. Walikwishaambiwa anayekuja ni nani. Wakanyamaza wote, hata ngoma ikanyamaza.

Mama yake Shemboza alikuwa hai bado, kikongwe mdogo aliyepinda mgongo, aliyekuwa hajawahi kumtia machoni mgeni huyu. Alitoka ndani polepole, kata ya maji mkononi, haruhusu mtu kumsaidia. Mnajua desturi: mgeni akifika kutoka safari ya mbali huulizwa, utakunywa maji kwanza au utaoga? Vijana uani walikuwa wameshaanza kuminyana mbavu, wakingoja bibi aulize swali hilo ili wapasue kicheko. Chilongani mwenyewe alikuwa tayari kucheka nao.

Bibi hakuuliza. Alimwekea kata mikononi, akamshika mkono, akamgeuza uso kuelekea bafu la makuti kule nyuma, ambako ndoo mbili zilikuwa zinafuka mvuke.

"Mwanangu," alisema, "kila anayeingia ua huu huulizwa. Wewe huulizwi. Haya ya kunywa, na yale ya kuoga. Wewe ulimuuliza mwanangu mara moja, nami nikampata. Kwangu usiulizwe kitu tena mpaka mauti yangu."

Hapo Chilongani alishindwa kuendelea kunisimulia. Alisimama mbele yangu na gwanda lake la pini, mtu mzima yule, machozi yanamtiririka, nami nikashusha futi yangu nikangoja. Baadaye aliniambia kwamba alikunywa ile kata yote bila kupumua, kisha akaenda akaoga, na nyuma ya makuti akasikia ua mzima umeanza kuimba. Bi harusi alicheza mbele. Kama swali lile lisingeulizwa, asingekuwapo wa kuolewa.

Basi ndiyo hiyo, wanangu. Mtu akikuambia maneno yale hana kiu, Zubeda, wala hakutukani. Anakukumbusha kwamba neno unalolijua tangu utotoni laweza kuwa na maana nyingine kinywani mwa mwenzio, na kwamba kati ya maana hizo mbili pengine kuna mwana wa mtu. Ukiombwa maji, uliza: ya kunywa au ya kuoga?